Shajara ya mradi: petroli kwenye maji ya ardhini, barabara ya Malaba–Tororo

Mahali penyewe

Kituo cha mafuta kiko kando ya barabara ya Malaba–Tororo, ambayo malori ya mafuta yanayoingia Uganda kutoka Kenya hupita usiku na mchana. Kina matanki matatu chini ya ardhi, mawili ya petroli na moja la dizeli. Ardhi inateremka kuelekea bonde la Mto Malaba, na mita 70 chini ya uzio kuna kisima cha pampu ya mkono kinachonywewa na kijiji. Lalamiko lilianzia hapo: chai inanuka mafuta ya taa.

Juu kuna maramu ngumu ya mita mbili hadi tatu, chini yake udongo mfinyanzi mwekundu, kisha mwamba uliooza wenye mishipa ya kwatzi, na mwisho mwamba mzima. Maji yamo ndani ya mwamba uliooza, kina cha mita 6 hadi 7 wakati wa kiangazi. Sehemu kubwa ya Uganda imepangika hivi, na ndiyo maana miongozo iliyoandikwa kwa ardhi ya mchanga mtupu inapotosha ikifuatwa neno kwa neno.

Februari: visima vya uchunguzi

Vimechimbwa visima sita. V1 kando ya matanki, V2 karibu na pampu za kuuzia, V3 kwenye uzio wa chini, V4 upande wa juu ambako hakuna mafuta (hiki ndicho cha kulinganishia), V5 na V6 kati ya uzio na kisima cha kijiji.

Shimo lina upana wa milimita 150, bomba ni PVC la milimita 50, kina mita 9.5. Sehemu yenye nyufa (matundu membamba ya kuingizia maji) inaanzia mita 3.5 hadi chini kabisa. Watu wengi wa visima vya kunywa hukosea hapa, kwa sababu wamezoea kuweka nyufa chini kabisa kwenye maji mengi. Mafuta yanaelea. Nyufa zikianzia chini ya uso wa maji, mafuta hayaingii kisimani na kipimo kitasema pasafi. Lazima nyufa zivuke uso wa maji wa kiangazi na wa masika pia, na kwa hapa hilo linadai nafasi ya kutosha juu ya kiwango cha Februari.

Nyufa ni za kiwandani, milimita 0.5. Msumeno wa chuma unaacha ufa wa karibu milimita 1, na mwamba uliooza wa huku una vumbi la ulanga linalopenya hapo mpaka kisima kinajaa tope. Vipande vimeunganishwa kwa nyuzi za kukaza, si kwa gundi ya mabomba: gundi hiyo ina viyeyusho vinavyojitokeza baadaye kwenye majibu ya maabara.

Kuzunguka bomba umewekwa mchanga wa mto uliochekechwa (milimita 1 hadi 2) na kuoshwa, kutoka chini hadi mita 3.0. Nafasi kati ya shimo na bomba ni lita 15 hivi kwa kila mita, kwa hiyo kisima kimoja kinakula karibu lita 100, yaani jerikeni tano za lita 20. Juu yake kuna bentonaiti ya vipande (udongo unaovimba ukilowa) ya mita moja, kisha saruji hadi juu. Bentonaiti iko juu ya uso wa maji, hivyo haitavimba yenyewe. Inamwagwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likiloweshwa kwa maji safi na kuachwa linywe kabla ya jingine. Ikibaki kavu, mvua ya kwanza itashusha mafuta ya juu ya sakafu moja kwa moja kisimani.

Maramu ilikataa nyundo ya mkono, ikavunjwa kwa mtaimbo. Hakuna maji yaliyomwagwa shimoni ili kuilainisha, maana yangesukuma petroli chini. Vifuniko ni vya zege, si vya chuma. Chuma kingedumu zaidi chini ya magurudumu ya lori, lakini wanunuzi wa vyuma chakavu wako kilomita chache tu.

Machi: vipimo vya kwanza

Kifaa cha kupimia mpaka wa mafuta na maji kinashushwa polepole kikiwa kimeungwa na waya wa ardhi kwanza. Kwa kifaa chetu mlio mfululizo ni mafuta, mlio wa kukatika ni maji; vingine ni kinyume, kwa hiyo kijitabu chake kisomwe. Usomaji wa mafuta unachukuliwa wakati wa kushuka, wa maji wakati wa kupanda, kwa sababu ukishuka ndani ya maji ncha inabeba filamu ya mafuta na kuchelewa kubadili mlio.

V1: mafuta yalianzia mita 6.42, maji mita 6.78. Unene ni sentimita 36. Mafuta haya yanakandamiza maji yaliyo chini yake, hivyo kina halisi cha maji hakisomwi moja kwa moja. Unachukua unene, unazidisha kwa uzito wa petroli ukilinganishwa na maji (0.74), kisha unatoa: 6.78 − (0.36 × 0.74) = 6.51. Tofauti ni sentimita 27. Kutoka V1 hadi V3 ni mita 30, na mteremko wa maji hapa ni kama nusu ya asilimia, yaani sentimita 15 tu kwa umbali huo. Asiyefanya hesabu hii atachora ramani inayoonyesha maji yakikimbilia matanki badala ya kwenda kwa kijiji. Ramani za namna hiyo zipo, zimepigwa mihuri.

Sentimita 36 kisimani si sentimita 36 ardhini. Kwenye udongo laini mafuta hukusanyika kisimani kwa unene mara kadhaa kuliko yalivyo kwenye udongo wenyewe. Anayezidisha unene wa kisima kwa eneo la kituo ili apate idadi ya lita zilizomwagika anajitungia tu.

Machi, mwishoni: kutafuta mvujo

Kabla ya kusafisha tone moja, mvujo uzibwe. Vitabu vya kituo vilionyesha upungufu wa petroli kila baada ya kushusha mzigo, na fundi mmoja akataka tanki lifukuliwe mara moja. Lakini petroli hupungua ujazo kwa karibu asilimia 0.095 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inapopoa. Lori lililopigwa jua kwenye foleni ya Malaba, likashusha lita 10,000 ndani ya tanki lenye baridi zaidi kwa nyuzi 5, linapoteza lita 48 kwenye kijiti cha kupimia bila hata tone kumwagika. Baada ya kusahihisha joto, upungufu uliobaki haukufuata ushushaji, ulifuata mauzo ya pampu namba 2. Mvujo unaofuata mauzo uko kwenye mabomba.

Bomba lilikatwa kutoka kwenye tanki, likamwagwa, likajazwa nitrojeni na kuwekewa geji. Hewa ya kompresa haitumiki hapa: hewa na mvuke wa petroli ndani ya bomba ni mchanganyiko unaolipuka. Geji ilishuka. Kiungo cha chuma chenye kona chini ya pampu 2 kilikuwa kimeliwa na kutu kwenye nyuzi zake. Mfumo huu unasukuma petroli kutoka pampu iliyo ndani ya tanki, hivyo bomba liko chini ya shinikizo kila mteja anapojaziwa. Mfumo wa zamani wa kunyonya ungeingiza hewa tu na pampu ingelalamika siku ileile.

Udongo wa chini ya kiungo ulichimbwa, meta za ujazo 40. Habari zake ziko chini.

Aprili na Mei: masika

Maji yalipanda kwa zaidi ya mita moja. Mafuta ya V1 yakapungua hadi filamu, ya V2 yakatoweka kabisa. Mwenye kituo akauliza kama kazi imekwisha.

Haijaisha, na swali hili litaulizwa kila masika kwenye kila mradi wa aina hii. Maji yanapopanda yanayafunika mafuta yaliyomo kwenye matundu ya udongo, yakabaki matone yaliyonaswa chini ya uso wa maji ambayo hayawezi kutiririka hadi kisimani. Yako palepale. Kinachobadilika ni kwamba sasa yamezungukwa na maji pande zote na yanayeyuka kwa kasi zaidi: majibu ya benzini (kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli) ya V3 yalipanda katika kipindi hichohicho ambacho mafuta "yalitoweka". Kipimo cha unene kinachofanywa mara moja kwa mwaka, tena mwezi wa Mei, hakina maana.

Sampuli huchukuliwa kuanzia kisima kisafi kwenda kichafu, V4 kwanza. Visima vyenye mafuta yanayoelea havichukuliwi sampuli ya kuyeyuka. Hapo chupa itabeba tone la petroli na maabara itakuandikia namba ya tone. Maji hutolewa kwa pampu ndogo kwa mililita 200 hivi kwa dakika mpaka pH itulie ndani ya 0.1, upitishaji umeme ndani ya asilimia 3 na oksijeni ndani ya asilimia 10. Chupa za mililita 40 tayari zina asidi ya hidrokloriki, hivyo hazifurikishwi. Zinajazwa hadi maji yatengeneze kichuguu mdomoni, kifuniko kinakazwa, chupa inapinduliwa na kugongwagongwa. Kiputo kikionekana, inatupwa, kwa sababu benzini itahamia kwenye hewa ile.

Barafu hununuliwa kwa wauza samaki, inafungwa kwenye mifuko miwili ili isichanganyike na chupa. Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na sampuli zenye asidi zinavumilia siku 14 zikiwa nyuzi 4. Gari linalobeba sampuli halibebi jenereta wala jerikeni ya petroli. Kila kasha lina chupa moja ya maji safi iliyotoka maabara ikiwa imefungwa na kurudi bila kufunguliwa. Ikionekana na BTEX (benzini, tolwini, ethilibenzini na zailini), safari nzima inarudiwa.

Kisima cha kijiji: benzini ilizidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 10 kwa lita. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) alipewa karatasi ya majibu mkononi siku ileile, mpini wa pampu ukafungwa kwa kufuli, maji ya gari yakaanza kuletwa. Kina mama wawili walieleza kwamba maji yamerudi kuwa mazuri kwa sababu hayanuki tena. Pua haiwezi kazi hii. Ladha ya benzini huanza kusikika ikiwa tayari imepita kiwango hicho mara nyingi. Kuyachemsha ndani ya jiko lililofungwa kunahamisha tu benzini kutoka sufuriani kwenda kwenye mapafu ya mpishi. Faida nyingine ya kufuli: pampu isipochota, haiyavuti mafuta kuelekea kijijini.

Juni: kuondoa mafuta yanayoelea

Maji yameshuka, mafuta yamerudi V1, V2, na kidogo V3. Kila kisima kilichotwa mafuta yote na kuangaliwa yanavyorudi. V1 ilirudisha nusu ya unene ndani ya dakika 20. V2 ilichukua hadi kesho yake. Hivyo V1 imewekewa pampu ya kuengua inayoendeshwa kwa hewa, na V2 na V3 soksi za polipropilini, ambazo hunyonya mafuta na kukataa maji. Soksi inabadilishwa ikiwa na rangi hadi robo tatu ya urefu wake; ikiachwa ijae inaanza kudondosha.

Pampu ya kawaida ya umeme haishuki V1. Mvuke wa petroli unashika moto hewani kuanzia asilimia 1.4 hivi, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unalala kisimani na kwenye mitaro. Kompresa iko upande upepo unakotoka, umbali wa mita 15. Boda boda hazipiti ndani ya kamba.

Ubovu unaojirudia: boya la kuengua linakwama kwa utelezi wa bakteria na kutu, linazama, pampu inavuta maji. Linatolewa na kufutwa kila wiki. Dalili ya mapema ni pipa la mafuta kujaa haraka kuliko kawaida, mtu asifurahie.

Petroli iliyoenguliwa inakaa kwenye mapipa ya chuma ya lita 200, chini ya paa, ndani ya ukuta mdogo unaoweza kuzuia asilimia 110 ya chombo kikubwa kabisa. Waendesha boda wameomba kuinunua kwa bei ya kutupa. Jibu ni hapana: ina maji na tope, na kwa sheria za Uganda ni taka hatari inayobebwa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira) tu.

Julai na Agosti: kuvuta maji na kuyasafisha

Mtambo unavuta lita 500 kwa saa kutoka V3, kupitia kitenganishi cha mafuta, mnara wa sinia unaopulizwa hewa ili benzini itoke majini, kisha mapipa mawili yaliyofuatana ya mkaa amilifu unaonasa iliyobaki. Kila pipa lina lita 125 za mkaa, ili maji yakae humo dakika 15. Sampuli inachukuliwa kati ya mapipa mawili. Benzini ndiyo hupenya kwanza. Ikionekana hapo, pipa la pili linakuwa la kwanza na mkaa mpya unaingia nyuma. Mkaa mpya uloweshwe saa 24 na kuoshwa kinyumenyume, la sivyo hewa iliyonaswa inafungua njia za mkato. Hakuna mtu anayeingiza kichwa ndani ya pipa: mkaa uliolowa unakula oksijeni.

Matarajio yapimwe kwa hesabu. BTEX ikiwa miligramu 8 kwa lita, mtambo unatoa gramu 4 kwa saa, gramu 96 kwa siku. Jerikeni moja ya lita 20 ya petroli iliyoenguliwa V1 ina uzito wa kilo 14.8, sawa na siku 154 za mtambo. Hata ukikumbuka kwamba BTEX ni sehemu tu ya petroli, kuvuta maji si njia ya kuondoa mafuta. Kazi yake hapa ni kuzuia maji machafu yasivuke uzio, na kwa kazi hiyo inatosha.

Adui wa mtambo ni chuma. Maji ya V3 yana chuma kilichoyeyuka miligramu 15 kwa lita. Yakikutana na hewa kwenye sinia, chuma kinageuka kutu. Lita 12,000 kwa siku ni gramu 180 za chuma, ambazo zinakuwa gramu 340 hivi za tope kavu. Yaani kila siku mtambo unatoa gramu 96 za kile tulichokuja kutafuta na kuzaa zaidi ya mara tatu ya tope. Matundu ya sinia yanaziba, maji yanafurika upande mmoja, na mkaa unavaa ganda jekundu kabla haujashika benzini ya maana.

Suluhisho limekuwa tanki lililofunikwa la lita 1,000 kabla ya mnara, lenye kupuliza hewa taratibu na bomba la mvuke linalotoka juu ya paa. Peke yake halikutosha, kwa sababu maji yana pH ya 6.1 na chuma huchukua oksijeni polepole mno kwenye pH hiyo. Kila pH inapopanda kwa moja, kasi inaongezeka takriban mara mia. Chokaa, ambayo Tororo haina uhaba nayo, inatiwa kama maziwa mepesi mpaka pH 7.2. Tope linazama, linatolewa chini kwa koki kila asubuhi. Sinia zinaoshwa kwa asidi ya sitriki, kilo 1 kwa lita 20 za maji. Dawa ya kufulia yenye klorini haiguswi karibu na asidi hiyo.

Rundo la udongo

Meta za ujazo 40, tani 64 hivi, mafuta miligramu 5,000 kwa kilo: jumla kilo 320, ambazo kaboni yake ni kilo 272. Bakteria wanaokula mafuta wanahitaji kaboni, nitrojeni na fosforasi kwa uwiano wa 100:10:1, kwa hiyo nitrojeni kilo 27 na fosforasi kilo 2.7. Mbolea ya DAP kilo 13.6 inatoa fosforasi yote na nitrojeni kilo 2.4; inayobaki ni urea kilo 54. Imegawanywa mara tatu, maana urea nyingi kwa mkupuo inachoma bakteria walewale unaowalisha. Maganda ya kahawa yamechanganywa kidogo ili hewa ipite, si zaidi ya sehemu moja kwa kumi, kwa kuwa nayo yanakula nitrojeni. Unyevu: donge likibanwa kiganjani lishikane bila kuchuruzika. Rundo linageuzwa kila wiki mbili, chini kuna plastiki nene, na maji yanayochuruzika yanarudi kwenye kitenganishi.

Septemba: ardhi inafanya nini yenyewe

V4 ina oksijeni miligramu 5 kwa lita; V3 iko chini ya 0.5. Bakteria wameimaliza na sasa wanatumia chuma cha udongo mwekundu. Kuvunja miligramu 1 ya benzini kunahitaji oksijeni miligramu 3, au kunaacha chuma kilichoyeyuka zaidi ya miligramu 21. Kwa hesabu hiyo chuma cha V3 ni ushahidi wa miligramu 0.7 za BTEX zilizokwisha kuliwa katika kila lita, na huo ni mpaka wa chini kwa sababu chuma kingine kimeshikwa na udongo. Kinapimwa kando ya kisima ndani ya dakika chache. Chupa ikifika Kampala chuma kimeshageuka kutu na majibu yatakuwa ya uongo. Maji ya kahawia ya V5 ambayo kijiji kinayaogopa hayana mafuta yanayoelea. Ni chuma hiki.

Kupuliza hewa ardhini kutajaribiwa kando ya V3 pekee, na baada ya kuthibitisha kwamba soksi yake inatoka safi mara mbili mfululizo. V1 bado ina mafuta, na hewa ingeyatawanya. Kwenye mita 3 za maji shinikizo la kuanzia ni baa 0.3, tutasimama 0.6. Mwamba uliooza una mishipa ya kwatzi, hivyo hewa huenda ikatokea V5 badala ya kuzunguka V3. Ndoo za maji ya sabuni zitawekwa midomoni mwa visima vyote wakati wa jaribio, ili viputo vionyeshe hewa inakotokea.

Kabla mvua za Oktoba hazijakolea: boya la V1 lipandishwe, soksi ya V2 ifungwe kamba ndefu zaidi, gunia mbili za chokaa ziwe stoo. Kufuli ya kisima cha kijiji inabaki hadi vipimo vinne vya robo mwaka mfululizo, masika na kiangazi vyote vikiwemo, vionyeshe benzini chini ya mikrogramu 10.